Vianzio vya Fundi Kioo

Walimwita Fundi Kioo kwa sababu ya sakafu zake. Mtu akitaka sebule ambayo akiinama kuokota kijiko anaona pua yake mwenyewe, alimwita yeye. Alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga niru, ule uji mzito wa saruji unaomwagwa juu ya sakafu mbichi na kusuguliwa kwa mwiko wa chuma, fundi akiwa amepiga magoti, mpaka ung'ae. Mafundi wenzake wengi walikuwa wameshahamia kwenye vigae. Yeye alisema vigae ni vya watu wanaoogopa kuchafua magoti.

Aliyempelekea kazi ya uwanja alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Huyu alifundisha hesabu sekondari, na hata nyumbani kwao walimwita Mwalimu. Siku za mapumziko aliongoza klabu ya mchezo ambao Fundi Kioo alikuwa hajawahi kuutazama mpaka mwisho. Wachezaji walirusha kisahani cha plastiki, wakakifuata kilipoangukia, wakarusha tena, mpaka kikaingia kwenye kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo. Aliyefika kwa mirusho michache ndiye aliyeshinda. Uwanja wenyewe ulikuwa bustani ya manispaa, mlimani, vikapu vikiwa vimetawanywa katikati ya miti.

"Wifi, shida yetu ni pale tunapoanzia," Mwalimu alimweleza, wameketi jikoni kwa Fundi Kioo. "Kila kikapu kina kianzio chake. Mtu anapiga hatua za haraka, anajizungusha, anarusha. Sasa chini ni udongo mtupu. Tumeuchimba kwa miguu mpaka pamekuwa mashimo. Mvua ikinyesha, unarusha ukiwa ndani ya bakuli la uji."

"Kwa hiyo mnataka sakafu."

"Tunataka sakafu. Wenzangu walianza kutajiana mafundi, nikawaambia nyamazeni, kama ni sakafu ninaye mtu."

Fundi Kioo alicheka kwa furaha. Yeye na wifi yake walikuwa wakiheshimiana, lakini kwa mbali, kama watu wanaokaa kwenye basi moja bila kujuana. Hii ilikuwa mara ya kwanza Mwalimu kumwombea kazi.

Aliifanya kama anavyofanya sebule ya maharusi. Alikwenda na Sururu, msaidizi wake wa miaka mingi, mwanamume mwenye kifua kipana kama mlango na sauti nyororo ya kubembelezea watoto. Walichimba, wakashindilia kokoto, wakapigilia mbao za kingo, wakamwaga zege. Kisha Fundi Kioo akapiga magoti, kianzio baada ya kianzio, akasugua. Wapita njia walisimama kutazama. Zilipokauka, zile sakafu zilimeta katikati ya majani kama vidimbwi vya maji.

Mwenyekiti wa klabu, Mfamasia, mwenye duka la dawa barabara kuu, alizipiga picha nyingi kuliko alizowahi kuwapiga watoto wake. Alizisambaza kwa vilabu vyote anavyovijua. "Hakuna wenye vianzio kama hivi," aliandika chini ya kila picha, na akatangaza kwamba mashindano ya mwaka huo yatafanyika kwao.

Mvua ya kwanza ilikuja siku ya mazoezi. Hata haikuwa mvua, manyunyu tu. Mwalimu alikuwa amemwalika wifi yake aje aone watu wakizifurahia sakafu zake, naye alikuja na mumewe, wakasimama chini ya mwavuli mmoja kando ya kianzio cha tatu.

Mwalimu alikifuta kisahani chake kwa kitambaa, akavuta pumzi. Akapiga hatua, akapiga nyingine, mguu wa kushoto ukapita nyuma ya wa kulia, kisha wa kulia ukatangulia kutua ili uubebe mwili wote. Haukutua. Ulipita kama sabuni kwenye beseni. Mwalimu alikula mwereka, na kabla hajafika chini goti lake lilikunjika kwa upande ambao goti halikunjiki.

Kisahani kilikwenda kugonga shina la mti. Mwalimu alipiga ukelele mmoja, mfupi, halafu akauma mkono wa jaketi lake.

Fundi Kioo alikimbia kumwinua. Naye, alipokanyaga tu kile kianzio, aliteleza, akaangukia kiganja. Akiwa chini vile, amejishika kwenye kazi yake mwenyewe, aliona uso wake ukimtazama kutoka kwenye saruji iliyolowa.

*

Daktari alisema kano ya ndani ya goti imechanika. Alimfunga Mwalimu bandeji ngumu yenye vyuma pembeni, akampa magongo, akamwambia asahau michezo kwa miezi kadhaa na ngazi kwa wiki kadhaa. Mwalimu alipanga nyumba ya ghorofa, juu kabisa, jengo halina lifti. Kaka yake, mume wa Fundi Kioo, hakutaka mjadala. "Unakuja kwangu," alisema. Alikuwa kinyozi, na maneno yake mengi yalitoka kama anamwamuru mteja atulize kichwa.

Wakampa chumba cha mbele. Mwalimu alishukuru kwa kila kitu. Alishukuru kwa chai, kwa mto wa kuwekea mguu, kwa redio. Neno moja la lawama halikumtoka. Fundi Kioo angepokea matusi kwa mikono miwili; zile shukrani ndizo zilizomkosesha raha.

Siku ya tatu au ya nne, mchana, Fundi Kioo alirudi kuchukua pima maji aliyoisahau. Alifungua mlango taratibu, na kule mwisho wa korido akamwona wifi yake. Mwalimu alikuwa anatoka bafuni. Ncha za magongo zilikuwa na maji, na korido ile ilikuwa imepigwa niru na Fundi Kioo mwenyewe mwaka alioolewa, ikiwa bado inang'aa. Mwalimu alikuwa ameegemeza bega lote ukutani. Alisogeza gongo moja kidogo, akalijaribu, likakimbia. Akalirudisha. Akalijaribu tena. Jasho lilikuwa linamtiririka. Mwanamke aliyekuwa akiruka mitaro ya bustani kama swala alikuwa akivuka korido ya nyumba ya kaka yake kwa woga wa mtu anayepita juu ya ubao mwembamba.

"Wifi, ngoja nikushike."

Mwalimu alishtuka, akajitahidi kutabasamu. "Hapana, niko sawa. Sakafu yenu safi mno, ndiyo maana."

Fundi Kioo alimfikisha kitandani. Kisha akatoka nje, akarudi na nyundo na tindo, akapiga magoti mlangoni mwa bafu, akaanza kudonoa. Kah, kah, kah. Alidonoa mistari mifupi mifupi kukatiza korido, kutoka ukuta hadi ukuta, vumbi likimjaa nyusi. Kazi ya mteja aliyekuwa akimsubiri ilibaki huko iliko.

Mumewe aliporudi kutoka kinyozini alishika kichwa. "Mke wangu! Sakafu ya harusi yetu!"

"Kanyaga."

"Nikanyage nini, umeifanya kama uso wa mtu aliyepona ndui."

"Mwaga maji halafu ukanyage, nimesema."

Alimwaga maji, akakanyaga, akajaribu kujitelezesha kwa makusudi. Hakuteleza. Alimtazama mkewe, aliyekuwa ameketi chini na tindo mapajani, machozi yamechora njia mbili kwenye vumbi la mashavu.

"Vile vya bustanini navivunja vyote," alisema Fundi Kioo. "Navivunja, nakwenda kuvimwaga upya."

*

Mfamasia hakupenda kusikia hivyo. Alimpokea nyuma ya kaunta ya duka lake, kati ya rafu za dawa za kikohozi, akamsikiliza huku akipanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mama, ajali ni ajali. Tumeshazungumza kwenye kamati. Tutanunua mazulia ya nyasi bandia, tunayatandika juu, yanabanwa kwa misumari, kazi imekwisha. Wewe usijisumbue."

"Misumari utaipigilia wapi? Kwenye zege?"

"Basi gundi."

"Gundi juu ya niru haishiki. Maji yatapita chini ya zulia, zulia litateleza pamoja na mtu. Badala ya kuanguka peke yake ataanguka na zulia."

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri dawa ya tumbo alicheka. Mfamasia hakucheka.

"Mashindano yanakaribia. Nimewaalika watu, wameona picha. Unataka waje wakute vifusi?"

"Watakuta vianzio. Vifusi vitakuwa vimeshaondoka. Saruji yangu, jasho langu. Ninachoomba kwako ni ruhusa."

"Na usipomaliza?"

"Nitamaliza."

"Mama, nauliza tu, na kama—"

"Mwenyekiti," alimkatiza, kwa heshima lakini bila kupepesa macho, "yule ni wifi yangu. Analala chumba cha pili kutoka kwangu, namsikia anapojigeuza. Nitamaliza."

Mfamasia aliiweka chupa chini. Alikuwa mtu wa maneno mengi lakini hakuwa na roho mbaya. Alisema atawaeleza wanakamati, na wakilalamika walalamikie dukani kwake, angalau watanunua kitu.

Kutoka dukani Fundi Kioo alijihisi mwepesi, lakini wepesi ule ulimwishia njiani. Kuvunja alijua. Kumwaga zege alijua. Kile cha kuweka juu ya zege, baada ya niru kumsaliti, hakukijua. Maisha yake yote alikuwa akiondoa mikwaruzo kwenye sakafu. Hakuwahi kulipwa ili aiweke.

Jioni ile, jua halijazama, alimpelekea Mwalimu chai uani, alikokuwa ameketi mguu ukiwa juu ya stuli. Badala ya kuondoka, alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Wifi, una hasira na mimi."

"Hapana, jamani, mbona—"

"Unayo. Sema tu, nimekuja kuisikia."

Mwalimu alizungusha kikombe. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Ninayo, ndiyo. Nina hasira mpaka usingizi hauji. Nilijidai mbele ya watu, ninaye mtu, ninaye mtu. Ukaja, ukatuwekea kioo. Na hukuniuliza hata siku moja, wifi. Uliuliza upana, uliuliza urefu, uliuliza lori litapita wapi. Hukuuliza tunarushaje."

"Sikuuliza."

"Hukuuliza!"

"Sikuuliza, wifi, na nisamehe. Nilikuwa natengeneza sakafu ya kutazamwa."

Mwalimu alifuta macho kwa kiganja, kwa ghadhabu, kama anayejifuta mvua. "Basi uliza sasa."

"Mnarushaje?"

"Kaniletee kisahani. Kipo kwenye begi langu, chekundu, usilete kingine."

*

Hivyo ndivyo Fundi Kioo, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanaanza kulalamikia migongo, alivyojifunza kurusha. Walitundika blanketi kuukuu kwenye kamba ya kuanikia nguo, na Mwalimu akafundisha akiwa kitini, akielekeza kwa gongo kama anavyoelekeza ubaoni kwa rula. Mguu huu hapa. Huo upitishe nyuma. Sasa tua, zunguka, achia. Siku ya kwanza kisahani kilikwenda kila mahali isipokuwa kwenye blanketi. Mara moja kilipaa juu ya ukuta, na jirani akakirudisha akiuliza kama kuna sahani nyingine zinakuja ili aondoe kuku wake.

"Usiangalie kisahani kinakwenda wapi," Mwalimu alimwambia. "Sikiliza mguu. Unakuambia nini?"

Alisikiliza. Kidogo kidogo alianza kuelewa kwamba kazi za mguu ule wa mbele zilikuwa mbili, na zote katika kufumba na kufumbua. Kwanza ulipaswa kutua na kushika. Halafu ulipaswa kuachia, ili kisigino kizunguke pamoja na mwili.

Yeye na Sururu walimwaga vipande vya majaribio pale uani. Cha kwanza alikitia kokoto ndogo juu zikabaki zimechomoza, kikali kama msasa. "Hapa hata mtu akitaka kuanguka atashindwa," alijigamba Sururu. Fundi Kioo alikimwagia maji, akapiga hatua, akarusha. Mguu ulitua na kung'ang'ania. Mwili ukazunguka, mguu haukuzunguka, na ndani ya goti akasikia kitu kikivutwa.

"Simama hapo hapo!" Mwalimu alipaza sauti, amenyanyuka nusu kwenye kiti. "Usirudie. Umeona? Hiyo ni mbaya kama ile ya mwanzo. Ile ilinitupa, hii itakunyonga goti umesimama."

Sururu alikipiga kile kipande sururu bila kuambiwa.

Wakajaribu kukwangua zege bichi kwa ufagio. Ufagio laini wa sebuleni uliacha mistari membamba iliyofutika kwa kusuguliwa na viatu. Brashi ya waya ilichimba makovu. Ufagio wa uani uling'oa kokoto na kuzitawanya. Wakajaribu brashi ya kufulia mazulia, brashi ya farasi waliyoiazima, hata gunia lililolowanishwa. Kila kipande kilipokauka Fundi Kioo alikimwagia maji na kurusha, akarusha tena, akaondoka akiwa hana uhakika, kesho yake akamwaga kingine. Ua ulijaa vibamba vya zege kama makaburi ya paka. Mumewe alianza kuvipitia kwa kuruka.

Ufagio sahihi ulipatikana kwa mumewe mwenyewe, kinyozini. Fundi Kioo alikuwa amempelekea chakula akamwona akifagia nywele. Ulikuwa ufagio mpana, wa nywele za plastiki ngumu lakini zenye kunyumbulika, zimeanza kuliwa pembeni. Alimpokonya, akapitisha vidole.

"Naomba huu."

"Na mimi nifagie na nini? Wateja wangu watembee juu ya nywele za wenzao?"

"Nunua mwingine."

"Mwanamke umeshanichukulia korido, umenichukulia ua, sasa unanichukulia ufagio. Kibakishe kiti, nakuomba, nakitegemea."

Aliuchukua. Uliacha mistari ya kukatiza, imesimama vizuri, yenye kina sawa. Ikiwa imelowa chapachapa mguu ulishika, na mwili ulipozunguka kisigino kilifuata kwa mlio mdogo. Fundi Kioo alirusha mpaka bega likamuuma. Kisha Mwalimu akaomba ashikwe mkono, akasimama juu ya kipande kile kwa mguu mzima, akaweka ncha ya gongo kwenye maji na kulisukuma kwa nguvu. Halikwenda popote.

"Hii," alisema.

*

Kuvunja kulianza asubuhi ya siku iliyofuata. Sururu, mtu aliyepata jina lake kwa kuvunja, alisimama mbele ya kianzio cha kwanza na chombo mkononi asiweze kukiinua.

"Fundi, mimi niliona ulivyokisugua hiki. Nilikushikia mwavuli. Nivunjeje?"

Fundi Kioo alimpokonya nyundo kubwa, akaipandisha mpaka nyuma ya kichwa, akaishusha. Ule uso uliokuwa ukimeta ulipasuka kama yai. Maumivu aliyoyahisi yalikuwa ya kweli, hakujidanganya kwamba hayapo. Akaipandisha tena. Pigo la tatu Sururu alisema, "Haya, lete, usije ukanivunjia na mpini," akaendelea yeye.

Walivunja siku nzima na siku zilizofuata. Wachezaji wengine walikuja kubeba vifusi kwa toroli. Mmoja wao alinung'unika waziwazi kwamba huyu fundi anafanya kazi moja mara mbili, na Fundi Kioo akamjibu kuwa ndiyo, na ikibidi atafanya mara ya tatu, aongeze mwendo.

Safari hii alibadilisha mengi. Aliinamisha kila kianzio kidogo kuelekea nyuma, ili maji yasikae. Alikirefusha kile cha kikapu cha mbali, kwa sababu alishajua sasa kwamba mtu anahitaji nafasi ya kukimbia na pia nafasi ya kujizuia. Mbele ya kila kimoja alijaza udongo hadi usawa wa zege, ili mguu unaopitiliza usidondoke ukingoni. Haya yote aliyaona kwa kurusha, tena vibaya, jioni baada ya jioni, wanachama wa klabu wakijifanya hawamwangalii.

Sehemu ngumu ilikuwa kujua lini apitishe ufagio. Zege likiwa bichi mno, ufagio unazama na kuvuta tope. Likikauka kupita kiasi, halichoreki. Fundi Kioo alikaa amechuchumaa kando ya kila kianzio, akibonyeza kwa kidole gumba, akingoja. Aliyezungumza naye wakati huo hakujibiwa. Kisha alisimama ghafla, akashika mpini, akavuta mara moja kutoka ukingo hadi ukingo bila kukatisha, akauinua ufagio, akausuuza, akavuta tena pembeni ya mstari wa kwanza.

Kianzio cha tatu kilimtoa jasho kuliko vyote. Alikwisha kukipiga ufagio, anafunga vifaa, wingu likapasuka bila taarifa. Yeye na Sururu walikimbilia turubai, upepo ukalinyakua, na walipolikamata tena matone yalikuwa yameshatoboa uso wote kama wadudu kwenye sweta. Siku zilizobaki kabla ya mashindano zilikuwa zinahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja.

Mfamasia, aliyekuwa amekuja kukagua, alikitazama chini ya mwavuli. "Mama, hivi viko vingi. Kimoja kikiwa na vishimo, nani ataona?"

"Ni cha tatu," alisema Fundi Kioo.

Mfamasia alitaka kusema neno, akakumbuka ni nini kilichotokea hapo, akalimeza. Aliukunja mwavuli wake. Kisha, kwa shati lake jeupe la dukani, akashika toroli. Waliliondoa zege likiwa bado laini, wote watatu, mvua ikiwapiga migongoni. Kesho yake asubuhi mbingu zilikuwa safi na Fundi Kioo alikimwaga upya.

*

Siku ya mashindano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wageni walishuka kwenye magari yao wakiwa wamevaa makoti, wakiuliza uko wapi ule urembo waliouona kwenye picha. Walikuta sakafu za kijivu, zisizometa, zenye mistari kama daftari la hesabu. Wengine walitazamana. Mwenyekiti wa klabu moja ya wageni alipendekeza waahirishe, kwa maana mwaka uliopita mahali pengine mtu wao alivunjika mkono katika hali ya hewa kama hii.

Mfamasia alimtazama Fundi Kioo.  Fundi Kioo alimpa Sururu mwavuli, akapanda kwenye kianzio cha kwanza, maji yakitiririka juu yake kuelekea nyuma, akachukua kisahani chekundu. Akapiga hatua kwa kasi yake yote, akapitisha mguu nyuma, akatua, akazunguka, akaachia. Kisahani kilikwenda mrama, kikapotelea vichakani upande ambao haukuwa na kikapu. Watu walicheka. Lakini yeye alikuwa amebaki wima pale pale, kisigino kimegeuka, kama mtu aliyepandwa.

"Kulenga ni kazi yenu," aliwaambia. "Kusimama nimewahakikishia mimi."

Walicheza. Fundi Kioo alikwenda kusimama kianzio cha tatu na hakuondoka. Wenzake walifuata visahani kwa macho, yeye alitazama viatu. Kila mguu uliotua alijikuta anazuia pumzi, na kila kisigino kilichozunguka aliitoa. Walipita vijana wenye nguvu, wakapita wazee wenye mahesabu, akapita mama mmoja mnene aliyekimbia kama anawahi treni. Mguu ukashika, ukaachia. Mtu pekee aliyeanguka siku ile ni Mfamasia, kwenye nyasi, akiwa amebeba sinia la karanga, na hilo lilikuwa jukumu la manispaa.

Karibu na mwisho Mwalimu alikuja polepole kwenye njia ya kokoto, gongo moja tu sasa, kaka yake akimshika kiwiko. Alisimama kando ya wifi yake. Walitazama wawili watatu wakirusha.

"Hujala," alisema Mwalimu.

"Nitakula wakimaliza hapa."

 Mwalimu alifungua begi, akatoa maandazi yaliyofungwa kwenye karatasi, akamshikia karatasi ili mikono yake iliyojaa matope isiguse, na Fundi Kioo akala vile, akimung'unya huku macho hayajatoka kwenye miguu ya watu.

Goti lilichukua muda mrefu kuliko alivyosema daktari. Kulikuwa na wiki za mazoezi ya kukunja na kukunjua, Mwalimu akiuma meno, Fundi Kioo akimhesabia kwa sauti. Alipohama kurudi kwenye ghorofa yake walilia wote, kisha wakaoneana aibu. Kianzio kimoja, cha kule bondeni, kilipata ufa, akaenda kukiziba. Watu waliendelea kumwita Fundi Kioo, ingawa kazi zilizomjia zilianza kubadilika: ngazi za zahanati, baraza la shule, njia ya kuteremkia viti vya magurudumu. Kila alipoitwa, kabla hajatoa kamba ya kupimia, alimwomba mwenye mahali amwoneshe jinsi watu wanavyopita.

Mwalimu alirudi uwanjani asubuhi moja ya kawaida, bila kumwambia mtu isipokuwa wifi yake. Alikataa kuanzia cha kwanza. Walikwenda moja kwa moja cha tatu. Umande ulikuwa bado haujakauka. Alisimama nyuma ya zege kwa muda, kisahani kifuani, uso umekakamaa.

"Naogopa," alisema.

"Ogopa. Halafu rusha."

Mwalimu alivuta pumzi, akaitoa. Hatua zake za kwanza zilikuwa fupi, za kujihadhari, kisha mwili ukakumbuka. Mguu wa kulia ukatua. Ukashika. Kisigino kikazunguka kwa ule mlio mdogo, mkono ukafunguka, na kisahani kikapaa chini chini kati ya miti miwili, kikapinda kushoto, kikadondoka mbali kidogo na kikapu.

Alibaki amesimama akikitazama, mkono bado hewani.

"Kifupi," alisema hatimaye, amekunja uso. "Ningeongeza nguvu kidogo tu kingefika."

"Basi sogea," alisema Fundi Kioo, akapanda na chake. "Na mimi nirushe, hujanifundisha ile ya kupinda."